Mwajiri agoma kuripoti ajali Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) eti "umeumia nyumbani kwako"

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mke wangu yuko huduma kwa wateja. Kampuni ilifunga ofisi, wafanyakazi wakapewa laptop na hedifoni wafanyie kazi majumbani, mwajiri akaokoa kodi ya pango. Juzi yuko zamu ya usiku, anaongea na mteja, umeme ukakatika na ruta ikazima. Akanyanyuka mbio kuichomeka kwenye betri, maana dakika za kutokuwa hewani wanazikata kwenye bonasi. Gizani akajikwaa kwenye waya wa chaja, akaangukia mkono kwenye vigae. Kifundo kimevunjika, amefungwa plasta ngumu (POP) mpaka karibu na kiwiko, hata kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule hawezi.

HR wanamjibu: "Hiyo ni ajali ya nyumbani, tumia bima ya afya."

Bima ya afya itatibu mkono, mshahara nani atalipa? Fidia ya WCF kwa ulemavu wa muda ni 70% ya mshahara. Hicho ndicho wanachomnyima.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inauliza kama ajali imetokana na kazi na imetokea mtu akiwa kazini. Mfumo wao wenyewe unaonyesha aliingia zamu saa ngapi, na simu ile imerekodiwa! Mwajiri akishapewa taarifa ana siku 7 za kuripoti. Wa kuamua kama kuna fidia ni Mfuko, HR hana mamlaka hayo. Halafu ule mchango wa WCF, 0.5% ya mshahara wake, mwajiri anaulipa kila mwezi. Sasa kama nyumbani siyo kazini, huo mchango ni wa nini?

Ujerumani, Desemba 2021, mahakama ya juu ya hifadhi ya jamii iliamua kuwa mtu aliyeanguka kwenye ngazi za nyumba yake, akitoka kitandani kwenda kwenye meza yake ya kazi, amepata ajali ya kazini. Huyo hata kompyuta alikuwa hajawasha. Mke wangu alikuwa katikati ya simu ya mteja!

Madai yana ukomo wa miezi 12, na naona wanatupiga danadana muda uishe. Hatusubiri. Wiki hii tunakwenda WCF wenyewe na vyeti vya hospitali, ratiba ya zamu na hayo majibu ya HR. Aliyewahi kudai huku mwajiri amegoma kujaza fomu, alianzia dirisha gani na walimtaka nyaraka zipi?