Vidonge vya lishe vya kuzuia kisukari: ninunue au niache?

Mkazi wa Makorora, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula nikakutwa na 6.5, na daktari akanieleza kwamba kisukari bado hakijaingia ila nipo njiani, hivyo nipunguze uzito kisha nirudi kupimwa. Tangu hapo jirani anayeuza virutubisho ananihimiza nianze chupa yenye madini ya kromiamu, mdalasini na unga wa mlonge, ambayo bei yake si ndogo, akidai kwamba anayeiwahi hapatwi na kisukari cha ukubwani. Mama yangu, aliyetumia metformini, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, kwa miaka mingi, ameshaanza chupa hiyo na amejipunguzia vidonge vya hospitali bila kumwambia daktari. Siku hizi nyayo zake zina ganzi, na usiku huitoa miguu nje ya shuka akisema inawaka moto. Je, vidonge hivi vina faida yoyote?

Mfamasia, Ngamiani

Wa aleikum salaam. Nitaanza na mama, maana lake halingoji. Arudi kwenye kipimo alichoandikiwa, na hiyo ganzi aifikishe hospitali. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu ya miguu; lakini metformini nayo, ikitumika kwa miaka, hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12, na upungufu wake huleta ganzi na kuchoma kulekule, kiasi kwamba bila kupima damu ni vigumu kujua kisa ni kipi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuwapima B12 wagonjwa wa metformini wenye dalili hizo. Ikiwa imepungua, hurudishwa kwa sindano au vidonge. Ajabu ni kwamba nyongeza hii, ambayo mgonjwa wa metformini anaweza kuihitaji kweli, sijawahi kusikia mchuuzi akiinadi.

Kuhusu chupa yenyewe, kromiamu na mdalasini vimechunguzwa mara nyingi na majibu yamepishana, ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani hakivipendekezi kwa kushusha sukari. Mdalasini wa kwenye pilau hauna neno. Ule wa vidonge, ukinywewa kwa wingi kila siku, unaweza kulidhuru ini kwa sababu aina inayouzwa zaidi ina kemikali iitwayo kumarini. Hata vitamini D, iliyotarajiwa sana, ilijaribiwa Marekani kwa watu 2,423 waliokuwa katika hali kama yako, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha kinga ya kutegemewa.

Muuguzi mstaafu, Bagamoyo

Naunga mkono, na naongeza tahadhari moja. Ukisikia kidonge cha "asili" kimeshusha sukari kwa siku chache tu, jiulize kuna nini ndani, kwa kuwa mamlaka ya dawa ya Marekani imewahi kukuta bidhaa za namna hiyo zimetiwa kwa siri metformini au glibenklamidi, ambayo nayo ni dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Mgonjwa anayemeza na dawa zake juu yake anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia.

Kwako wewe kijana, kilichothibitika ni kile alichokuambia daktari. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu wa hali yako walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ikapungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipata 31. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kama kilo 6. Sisi wa pwani tunajuana: chai ya sukari nyingi na vitumbua asubuhi, wali wa nazi mchana, wali tena usiku. Anza na chai, kisha wali uwe robo ya sahani, na kisamvu au mchicha uchukue nusu.

Mkazi wa Makorora, Tanga

Nawashukuru sana. Mama amekubali kwenda, ila anauliza kama mlonge wa uani nao auache.

Mfamasia, Ngamiani

Majani ayapike kama mboga, hayana tatizo. Unga wa kumeza kila siku auache kwanza, na chupa hiyo aende nayo kwa daktari pamoja na dawa zake zote, ili kila kinachoingia mwilini kijulikane kabla dozi haijaguswa.