Nataka kugeuza sebule yangu iwe shule ndogo, nishaurini kabla sijajiingiza matatani

MamaChalii_Moshono:
Wakuu habari za mchana. Mi ni mwalimu, nimefundisha english medium hapa Arusha miaka 7 nikaacha nilipojifungua. Chalii wangu yuko darasa la pili, basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, linazunguka Njiro, Kijenge, mpaka lifike Kisongo mtoto kashasinzia mara mbili, jioni anashushwa giza linaanza na homwek bado inamsubiri. Likizo ya Juni nikaanza kumfundisha hapa nyumbani na watoto wa majirani, walikuwa 4, shule zilipofunguliwa wakaendelea kuja Jumamosi na sasa wako 9. Kuna mmoja alikuja hawezi kuunganisha silabi, sahivi anasoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa sembe.

Sasa wazazi wanasema mwalimu Januari hatuwarudishi huko, baki nao jumla, tutakulipa 80,000 kwa mwezi. Mmoja shemeji yake yuko Marekani, kamwambia huko wanaita maikroskuli, watoto kumi au kumi na tano sebuleni kwa mtu au kwenye ukumbi wa kanisa, na kipindi cha korona ndo zilichangamka. Mi nimeshanogewa jamani. Naweza kuanza kimyakimya usajili ukafata baadae?

Chaki_Nyeupe:
Usithubutu dada. Mtoto wa msingi anatakiwa awe na namba ya PREM, ile ya kumtambua mwanafunzi, na inatolewa kupitia shule iliyosajiliwa. Mitihani ya taifa ya NECTA haimjui mtoto wa sebuleni. Utamfundisha vizuri weee, ukifika muda wa kuandikisha watahiniwa mzazi anahaha kutafuta shule ya kumpokea na lawama zote zako. Na usajili sio barua moja, kuna kibali cha kuanzisha, kuna kuthibitishwa mwenye shule na meneja, ndo uje usajiliwe. Vyoo peke yake tundu 1 kwa wasichana 20, wavulana 25, sasa hicho cha ndani mnachogombania na baba chalii asubuhi utamwonyesha mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule?

Mpare_wa_Soweto:
Mi wa Moshi, naongelea hela tu. 9 mara 80,000 ni 720,000. Mwalimu msaidizi 300,000, dada wa jikoni 120,000, uji na chakula cha mchana tufanye 700 kwa kichwa siku 22, hiyo 138,600. Unabaki na 161,400, hujanunua LUKU, maji wala makaratasi. Halafu Juni na Desemba nani atakulipa? Mzazi wa kibongo likizo halipi.

BintiMeru:
Mbona mnamkatisha tamaa. Tatizo lake ni basi, kwani kuna shule ya serikali ya kutembea kwa miguu hapo? Ada hakuna. Waandikisheni huko wapate namba zao, wakitoka mchana wanakuja kwako wanakula, wanasoma vikundi vya watatu watatu. Ile 80,000 walishazoea kulipa basi tu.

Chaki_Nyeupe:
Hapo sipingi. Na kama ana nafasi achukue pia wadogo wa kulelewa mchana, hicho kituo kinapitia ustawi wa jamii halmashauri, ni njia tofauti na ya shule. Asikiandike tu shule kwenye bango.

MamaChalii_Moshono:
Nimerudi wakuu. Nimewapigia wazazi wote, watano wamekubali la BintiMeru, wanne wamegoma kupeleka watoto serikali, wanasema walivyosoma wao huko inatosha 😂 mmoja wao kasema heri basi. Mpare, mume wangu kaisoma hesabu yako mara mbili, asante sana kwa kunivurugia nyumba. Jumatatu naanza kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu hicho kituo cha wadogo, barua yake huwa shingapi?

Chaki_Nyeupe:
Barua haina bei dada. Akikuomba hela ya wino nenda kwa mtendaji.