Naomba ushauri: nikate lini mahindi ya sileji? Mashine inakuja Jumamosi

Mwanazizi:
Assalam aleikum wote. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, chotara, huku Mwakirunge. Kiangazi kilichopita, Januari mpaka Machi, nilinunua majani makavu mpaka pesa zikaisha, nikauza mtamba mmoja ili wenziwe wale. Mtamba yule nilimlea kwa chupa. Sitaki kurudia. Safari hii nimepanda ekari moja ya mahindi ya mbegu ya PH4, katikati ya Aprili mvua za mwaka zilipoanza, na nataka yote yawe sileji, yaani yakatwekatwe mabichi, yafukiwe yachache, yawe malisho ya kiangazi. Mashine ya kukata nimeshailipia nusu, shimo limechimbwa, nailoni ninayo. Majani ya chini yameanza kukauka. Nikate Jumamosi hii au ningoje wiki moja? Na wapo wanaoniambia shimo halifai huku pwani, nitumie mifuko. Nijibuni upesi jamani, silali.

KusiMatlai:
Waaleikum salaam. Majani ya chini yasikuhangaishe, tazama punje. Vunja hindi katikati. Kwa nje punje imeshakuwa wanga mgumu, kwa ndani karibu na gunzi bado maziwa. Mpaka huo ukifika nusu ya punje, kata. Ukifika theluthi mbili, usilaze siku. Hapo mmea mzima una maji kama asilimia 65 hadi 70, ndiyo hali inayotakiwa. Wako umefika wapi?

MamaRiziki:
Shimo, mwanangu, shimo! Mimi niliweka mifuko 30 kule Mtepeni, nikaipanga vizuri ukutani, nikaenda kumuuguza dada yangu Lamu. Narudi, panya wametoboa chini na kuku wamedonoa juu. Nafungua wa kwanza, ukungu wa kijani umeshikana kama sufi iliyolowa. Sikumpa mnyama hata kiganja, kwa sababu sumu ya ukungu huingia mpaka kwenye maziwa, na maziwa yale wajukuu wangu wanayanywa. Nilifukia yote. Na dada yangu alipona, alhamdulillahi.

UstadhKilimo:
Ndugu, umefikiria kwamba hayo ni chakula cha binadamu? Ukame unapokuja Ganze watu hulala njaa, nawe unakata mahindi mazima unampa ng'ombe. Kila neema ina hesabu yake.

ChumviMagadi:
Ng'ombe wanaandaliwa karamu ya miezi mitatu, mimi hapa Majengo nala mkate wa jana. Mwanazizi, zizini hakuna nafasi ya mnyama wa tano?

Mwanazizi:
Ahsanteni. Ustadh, maziwa pia ni chakula cha binadamu. KusiMatlai, punje ziko sawa tu. Mimi nauliza siku.

KusiMatlai:
Sawa vipi, yakhe? Siku yenyewe inatoka kwenye punje. Vunja hindi moja uje useme ulichokiona.

MzeeWaKokotoni:
Shimo lako liko bondeni au kwenye mwinuko? La kwangu la kwanza nililichimba nyuma ya banda, mahali laini, kumbe ndipo maji ya paa yanaposhukia. Nikafungua baada ya mwezi nikakuta supu. Inanuka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Chimba kwenye mwinuko, zungushia mfereji. Na hesabu: ng'ombe wanne, kilo 20 kila mmoja kwa siku, siku 90, hizo ni kilo 7,200. Mita moja ya ujazo iliyokanyagwa barabara hubeba kama kilo 500. Unahitaji mita 14 na ushei. La kwako lina ngapi?

KusiMatlai:
Mzee ameuliza vizuri, lakini mimi bado nangoja punje.

Mwanazizi:
Basi niseme. Mahindi yenyewe hayapo. Siku tisa zilizopita alikuja mnunuzi wa mahindi mabichi, anapeleka kwa wachomaji mjini, nikamuuzia shamba zima. Yamebaki mabua na majani. Msinihukumu. Mashine haiji bila pesa, nailoni si bure, na wa kukanyaga shimo wanataka ujira wao. Ningekaa na mahindi yangu mazuri bila mashine wala nailoni, yakaukie shambani? Ng'ombe anakula bua, hali pesa.

Jasusi_wa_Mtaa:
Aaa, hapa nimesimama. Mwanzo ulisema yote yaende sileji. Sasa shamba halina hata hindi moja? Mwezi uliopita kulikuwa na uzi wa sungura 200, mtamu hivihivi, mnyama aliyelelewa kwa chupa akiwemo, mwisho mwenyewe akaanza kuuza kijitabu cha ufugaji. Tena Mwakirunge tunaijua, ni jaa la taka. Shamba la ekari moja limetoka wapi?

BintiMishomoroni:
Jaa ni sehemu tu ya Mwakirunge. Mimi nanunua maziwa huko kila asubuhi. Ila huo mtamba wa chupa hata mimi ulinipa shaka.

ChumviMagadi:
Kijitabu kikitoka nipewe cha kwanza.

MamaRiziki:
Mwacheni mtoto wa watu. Mwongo angejipamba. Huyu amejivua nguo mbele yetu.

Mwanazizi:
Sina kijitabu. Mtamba alilelewa kwa chupa kwa sababu mamake alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, yeye ndama akiwa na siku sita. Sitabishana zaidi.

KusiMatlai:
Turudi kazini. Ungesema mapema, kakangu, maana swali limegeuka. Nguvu nyingi ya sileji imo kwenye punje, na hizo umeuza. Mabua yatachacha vizuri, kwa kuwa sukari iliyokuwa ipande kwenye punje imebaki kwenye bua, lakini na maji yamebaki humo. Usikate kwa tarehe. Katakata bua moja vipande vya sentimita 1 hadi 2, jaza ngumi, finya dakika nzima. Yakichuruzika, bado. Tonge likifumuka polepole na kiganja kimelowa tu, sawa. Likimwagika, umechelewa.

Mwanazizi:
Nimetoka na tochi sasa hivi. Nimekata bua kwa panga, nimefinya. Maji yametiririka mpaka kiwikoni. Nimeonja, ni matamu kama muwa.

KusiMatlai:
Basi Jumamosi kata kwa panga tu, yalaze juani siku moja au mbili, ufinye tena ndipo mashine ipite. Changanya na pumba kavu za mahindi, zinyonye maji na kurudisha nguvu kidogo. Kanyaga kila tabaka la kiganja kimoja mpaka lisibonyee, funika, usifungue kabla ya wiki tatu. Ikiwa nzuri itanukia kama maziwa lala. Na kiangazi kikija, mashudu ya nazi utanunua. Hilo hulikwepi.

Mwanazizi:
Mwenye mashine hatakubali kuahirisha. Nilimlipa nusu.

MzeeWaKokotoni:
Mpigie usiku huu, kabla hajaahidi wengine Jumatatu. Na nailoni yako ni nene kiasi gani? Ile nyepesi ya kufunikia miche jua la hapa huila mwezi mmoja.

Mwanazizi:
Ni nyeusi. Unene sijui. Ngoja nikaikunjue nitazame.