Mjadala: Makapi ya viwandani yafanywe mboji ya kupewa wakulima wa Pemba?

Mtoa mada (Chake Chake)

Assalamu alaykum wanajamvi. Kuna hoja inayozidi kusikika huku kwetu: makapi ya viwandani, kuanzia makonyo (vikonyo vya karafuu) yaliyokwisha kutolewa mafuta pale kiwandani Wawi hadi vumbi la mbao na mabaki ya samaki, yaozeshwe kwa vijidudu yawe mboji, kisha wapewe wakulima. Wengine wanaishangiria. Wengine wanasema ni njia ya mwenye kiwanda kumtupia mkulima taka zake.

Mimi naiunga mkono. Lakini naona tunabishania pasipo mahala pake. Kila mmoja anauliza vijidudu gani vinunuliwe, vya kampuni gani, chupa bei gani. La kuuliza kwanza ni kinachoingia kwenye rundo.

Vijidudu vyenyewe ni bakteria na kuvu, na vinataka mambo matatu. Cha kwanza chakula kilichopimwa: kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1. Cha pili hewa, ndiyo maana rundo hupinduliwa. Cha tatu unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Huhitaji mashine kuupima. Chota konzi moja, ibane kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu, sawa; yakichuruzika, umezidisha maji; ukifungua mkono likamomonyoka, rundo lina kiu. Mambo hayo yakikaa vizuri, ndani ya rundo joto hufika nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi.

Sasa makonyo ni vijiti. Kaboni tele, naitrojeni haba. Ukiyarundika peke yake yatakutazama mwaka mzima. Yakatekate, changanya na samadi ya ng'ombe, mavi ya kuku au matumbo ya samaki kutoka dikoni, hapo yataoza. Karibuni.

Jirani wa bonde

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, umesema kwa utulivu, na mimi nitajaribu. Sisi tumekaa na rundo la namna hiyo. Mtu alileta mabaki ya kazi yake akayamwaga juu ya kilima, wazi, bila ya paa wala sakafu, akatwambia ni mbolea inatengenezwa. Masika yalipoingia, maji meusi yakateremka mpaka bondeni, pembeni ya kisima tunachochota maji ya kunywa. Harufu usiseme, watoto walikuwa wanaziba pua wakienda skuli. Tulipolalamika tukajibiwa kuwa ni vijidudu vinafanya kazi.

Pemba ni vilima na mabonde. Chochote utakachoweka juu kitafika chini, na chini ndiko kwenye mpunga na visima. Mimi napinga.

Bwana shamba mstaafu

Jirani, pole. Harufu ile haikuwa dalili ya kazi nzuri. Rundo lenye hewa ya kutosha halinuki hivyo. Ukisikia uvundo ujue hewa imekosekana, au naitrojeni imezidi inatoroka kuwa amonia. Kwa hiyo mlidanganywa.

Nina jambo zito zaidi ya harufu. Vijidudu vinakula kilichokuwa hai: majani, mti, damu, samaki. Havili madini yenye sumu kama risasi, kadmiamu wala kromiamu. Na rundo linapooza hupungua, mara nyingi hubaki kama nusu ya uzito wake, lakini madini yale hayapungui. Ina maana kilo moja ya mboji inaweza kuwa na sumu nyingi kuliko kilo moja ya taka iliyoingia. Kwa hiyo neno "makapi ya viwandani" mimi silikubali likiachwa pana hivyo. Makonyo, ndiyo. Makapi ya miwa ya kiwanda cha sukari Mahonda, ndiyo, ingawa viwanda vya sukari kwa kawaida huyachoma yenyewe kuendeshea mitambo. Tope la rangi, la betri, la kusindika ngozi: hapana, hata kwa vijidudu vya dunia nzima.

Juu ya chupa nakubaliana na mtoa mada. Ule mchanganyiko maarufu wa vijidudu ulioenezwa na Profesa Teruo Higa wa Okinawa, Japani, tangu miaka ya 1980, umejaribiwa pahala pengi na matokeo hayafanani. Samadi mbichi ya ng'ombe na mboji iliyokwisha kuiva zina vijidudu vyake tele. Penye miti migumu, kuvu anayeitwa Trichoderma husaidia kuharakisha. Lakini atakayekwambia bila chupa yake hupati mboji, huyo anakuuzia.

Mkulima wa Mtambile

Mie suali langu moja. Mafuta ya karafuu tunapaka jino kwa sababu yanaua vijidudu. Sasa makonyo yenye mafuta hayo hayo, vijidudu vitaishi vipi ndani yake?

Mtoa mada

Suali zuri kuliko yote humu. Kinachoua ni yujinoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Mvuke kiwandani huiondoa nyingi, lakini si yote, na hiyo iliyobaki huchelewesha rundo kuanza kupata joto. Wapo bakteria wanaoweza kuivunja. Dawa yake ni kuchanganya makonyo na samadi kwa wingi, kupindua, na kutokuwa na haraka.

Kisha usiamini maneno yangu wala ya kiwanda. Jaza makopo mawili, moja udongo mtupu wa konde lako, jengine udongo na mboji ile. Panda mbegu za mchicha. Ukichelewa kuota, au ukiota majani ya manjano na mizizi iliyovia, mboji haijaiva au ina kitu. Irudishe.

Bi wa mwani

Na sie wa mwani msitusahau. Mwani uliooza hauuziki lakini una potasiamu nyingi. Uoshwe chumvi kwanza kwa maji ya mvua, la sivyo utaua mboga. Ila nani atalipia gari? Mboji nzito, na njia za mashamba mnazijua.

Bwana shamba mstaafu

Bi, umegusa penyewe. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mboji yenye naitrojeni asilimia 1, tani nzima inakupa kilo 10, na si zote zitatoka msimu wa kwanza. Unahitaji zaidi ya tani mbili kufikia mfuko mmoja. Kwa hiyo tusimwambie mkulima wa mpunga aache yurea mwaka huu. Faida ya mboji ni udongo kushika maji na kutochukuliwa na mvua, na huku kwenye vilima vyekundu hilo ni kubwa. Lakini mkulima asibebeshwe gharama ya usafiri. Kiwanda kilichokuwa kilipe kuondoa taka zake kilipie gari.

Mtoa mada

Nakubali yote mawili, la madini na la gari. Basi ninachounga mkono ni hiki: makapi ya mimea na samaki tu, yaliyotengwa kiwandani kabla hayajachanganyika na mafuta ya mashine au plastiki. Sampuli zipimwe na maabara isiyolipwa na kiwanda, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ione majibu kabla gunia halijatoka. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku 2006, kabla ya Bara. Kutenga taka hatushindwi.

Jirani wa bonde

Umesema maabara, umesema mamlaka. Kisima hujakitaja. Mie nataka sakafu ya saruji, paa, na shimo la kuzuia maji yale, viwepo kabla ya Machi, si baada ya malalamiko. Na majibu ya vipimo yabandikwe getini kwa Kiswahili, kila mtu asome. Yakifanyika hayo naondoa pingamizi langu. Yasipofanyika, sitokubali rundo hata moja juu ya bonde letu, liwe la makonyo au la dhahabu.