Ziara ya mbwa kwa video kwa wanafunzi waliofungiwa nyumbani

Wakuu, chuo kimefungwa kwa mlipuko wa ugonjwa, wanafunzi wamezidiwa na upweke. Nataka wakutane na mbwa mtulivu kwa video. Nianzeje, na bando ni ghali?

Jibu: Dakika 20, wanafunzi wasiozidi 8. Simu ikae kwenye stendi, usawa wa macho ya mbwa. Dirisha liwe mbele ya mbwa, likiwa nyuma utaona kivuli tu. Msaidizi asome maswali wanayoandika wanafunzi, mwenye mbwa abaki na mbwa wake. Wanafunzi wakizima kamera, bando litadumu.

Jibu: Na maikrofoni za wanafunzi zizimwe! Kelele za spika humchosha mbwa. Akipiga miayo mfululizo au kulamba midomo, mpumzisheni.

Jibu: Mshauri nasaha awepo. Atakayetaja kujidhuru apigiwe simu naye faraghani papo hapo.