Naomba ushauri: muziki wa okestra kwa filamu ya kifamilia, nikiwa na wapigaji wanne tu

Mwalimu wa Kwaya

Wanajamvi, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Dar es Salaam. Nasoma na kuandika noti, na nimezoea kutunga nyimbo za sauti nne pamoja na kinanda. Mwongozaji mmoja ameniomba nitunge muziki wa okestra kwa filamu yake ya dakika 95, inayohusu familia ya Magomeni inayogombania nyumba baada ya baba kufariki. Katika mkato wa awali ameweka muziki wa filamu za nje, na ameuzoea kiasi kwamba kila ninachompelekea anakiona hakifikii. Fedha zilizopo zinatosha kuwalipa wapigaji wanne kwa siku mbili za studio; ala nyingine zote zitatoka kwenye kompyuta.

Kuna onyesho la dakika 4 linaloninyima usingizi. Mama mjane ameketi mezani na wanawe watatu, wanasemezana kwa sauti ya chini, kisha anafungua pindo la khanga, anatoa funguo za nyumba, anaziweka mezani na kuondoka bila kusema neno. Mwongozaji anataka okestra isikike tangu mwanzo wa onyesho. Nianzie wapi, na niandikeje ili mazungumzo yasimezwe?

Mhariri wa Picha

Pole na hongera, mwalimu. Kabla hujaandika noti yoyote, kaeni watatu, wewe, mwongozaji na mhariri, mtazame filamu nzima bila muziki wowote, na kila mahali mnapokubaliana muziki uingie au utoke muandike dakika na sekunde yake. Ule muziki wa kuazima usiubishie kwa maneno. Muulize anapenda nini ndani yake: ni mwendo, ni uzito wa sauti za chini, au ni namna unavyochelewa kuingia? Mara nyingi jibu ni moja tu kati ya hayo, na hilo unaweza kumpa bila kumwiga mtu.

Jambo la pili ni fremu, yaani zile picha moja moja zinazopita haraka na kufanya filamu. Mwombe mhariri akwambie kwa maandishi kama picha inakwenda kwa fremu 24 au 25 kwa sekunde, kwa sababu picha ya fremu 24 ikichezwa kwa 25, onyesho la dakika 3 linafupika kwa sekunde 7 na zaidi, na muziki wako wote unaachwa nyuma. Ukishajua, hesabu ni nyepesi: kwa fremu 24, mwendo wa mapigo 72 kwa dakika unakupa fremu 20 kamili kwa kila pigo, hivyo unaweza kujua funguo zinagusa meza kwenye pigo la ngapi.

Mpiga Fidla

Shikamoo mwalimu. Nimepiga fidla katika taarab na katika studio za hapa mjini, na ninaomba nizungumzie nyuzi, kwa kuwa ndizo zitakazobeba filamu yako.

Wapigaji wanne si wachache ukiwachagua vizuri. Ningechukua violini mbili (ndizo fidla), viola, iliyo kubwa kidogo na nzito zaidi kwa sauti, na chelo ya sauti za chini, yaani kwaya yako ya sauti nne ikiwa mikononi mwa watu wengine. Ila usiandike kama kwaya, maana violini inaanzia G iliyo chini ya C ya kati na kupanda mbali kuliko soprano yeyote, na chelo inashuka hadi C iliyo oktava mbili chini ya hiyo C ya kati. Mtunzi Bernard Herrmann alitumia nyuzi peke yake katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, na hakuna aliyesema muziki ule ni mdogo. Hata pale mwanamke anapouawa bafuni, mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, hakutaka muziki mwanzoni. Aliposikia alichoandika Herrmann ndipo akabadili mawazo. Kwa hiyo usibishane sana na mwongozaji: rekodi mawazo mawili, umwekee juu ya picha, asikie mwenyewe.

Kuhusu onyesho la mezani, mimi ningeacha mazungumzo yote bila muziki. Wanasema kwa sauti ya chini, na chelo inakaa palepale inapokaa sauti ya mwanamume anayenong'ona. Ukiiwekea wimbo hapo, mtazamaji atapoteza maneno na wimbo pia. Funguo zikishagusa meza, subiri. Acha mlio wake uishe, mama asimame, ndipo viola iingie peke yake kwa noti ndefu, na chelo imfuate anapofika mlangoni. Mwongozaji akishikilia kwamba lazima pawe na kitu tangu mwanzo, mpe violini mbili juu kabisa, polepole, bila wimbo, ili sauti za watu zibaki na nafasi yao.

Fundi Mitambo

Nyongeza fupi. Warekodi wanne hao mara tatu au nne kwa sehemu zilezile, wakibadilishana viti kila safari, kisha uzilaze juu ya nyuzi za kompyuta. Sikio litafuata upinde wa kweli. Tarumbeta na filimbi za kompyuta haziishiwi pumzi, kwa hiyo ziandikie mapumziko kana kwamba kuna kifua nyuma yake, la sivyo zitasikika za uongo. Na msirekodi chini ya bati msimu wa mvua.

Dada wa Mikataba

Mwalimu, andikianeni mkataba sasa hivi, unaosema muziki ni wa nani na utatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda, lakini ugomvi wa mdomo hauna ushahidi.

Mwalimu wa Kwaya

Nawashukuru nyote. Jambo moja bado: marehemu baba katika hadithi ni Mgogo, na ningependa ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, isikike kila anapokumbukwa. Nilipoijaribu pamoja na nyuzi za kompyuta, zilisuguana vibaya.

Mpiga Fidla

Zitasuguana, kwa sababu ilimba ya Wagogo imetunzwa kwa mpangilio wake wa asili, na baadhi ya sauti zake hazimo kwenye vitufe vya kinanda chako. Usimwombe mpigaji aitune upya kwa ajili ya kompyuta. Mrekodi yeye kwanza, peke yake, kisha uwape wale wanne vipaza sauti vya masikioni waisikilize wakati wanapiga. Violini haina vikomo vya vidole kama gitaa, hivyo wataifuata ilimba ilipo. Katika sehemu hizo, nyuzi za kompyuta uzizime kabisa.