Zuhura haina uga sumaku na iko karibu na Jua: mbona hewa yake haijaisha kama ya Mirihi?

Kaskazi_88 aliuliza:

Wakuu, naombeni ufafanuzi wa mambo mawili. Tunasoma kila mahali kwamba Mirihi ilipoteza angahewa kwa sababu uga sumaku wake ulizimika takribani miaka bilioni 4 iliyopita, upepo wa Jua (mkondo wa chembe zenye chaji kutoka kwenye Jua) ukapata nafasi ya kuipeperusha hewa. Sawa. Lakini Zuhura nayo haina uga sumaku wa ndani, tena iko karibu na Jua kuliko sisi, na bado shinikizo la hewa yake ni mara 92 ya letu. Mirihi haifikishi hata asilimia 1.

La pili ni hesabu. Ukichukua mwanga wote unaoifikia HD 209458 b (sayari kubwa ya gesi inayozunguka nyota nyingine kwa karibu sana) na kudhani nishati yote inatumika kuinua gesi, sayari hiyo inaisha ndani ya miaka milioni 1.2 hivi. Nyota yake ina mabilioni ya miaka na sayari ipo. Ni mwanga upi hasa unaohesabiwa?

Mpima_Anga alijibu:

Maelezo ya uga sumaku peke yake hayatoshi. Anza na kasi ya kutoroka, yaani kasi inayotakiwa ili kitu kishinde mvutano wa sayari: Mirihi ni kilomita 5.0 kwa sekunde, Zuhura 10.4, Dunia 11.2. Nishati inapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo atomu ya oksijeni inahitaji elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 2 tu kuiacha Mirihi, na takribani 9 kuiacha Zuhura.

Sasa angalia Jua linafanya nini. Miale ya urujuanimno mkali inang'oa elektroni kwenye gesi za juu, na mwishowe zinapatikana ioni za O₂⁺ (molekuli za oksijeni zilizopungukiwa elektroni moja). Ioni hiyo ikipata tena elektroni inavunjika, kila atomu ikaruka na elektronivolti zisizozidi 3.5. Kwa Mirihi hiyo ni tiketi ya kutoka. Kwa Zuhura haifiki hata nusu ya kinachotakiwa, atomu inapanda kisha inarudi chini.

Jambo la pili linalosahaulika sana ni kaboni dioksidi. Gesi hii hutoa joto angani kwa miale ya infraredi ya mikroni 15, kwa hiyo tabaka la juu kabisa la Zuhura mchana lina kelvini 300 hivi, wakati la Dunia hufika 1,000. Yaani Zuhura inaunguza chini lakini kule juu, ambako hewa hutorokea, ni baridi kuliko kwetu.

Hata hivyo usidhani Zuhura ilisalimika. Uwiano wa deuteri (aina nzito ya hidrojeni) kwa hidrojeni ya kawaida kule ni zaidi ya mara 100 ya ule wa Dunia. Deuteri ni nzito mara mbili, hivyo hidrojeni nyepesi hutangulia kuondoka na deuteri hubaki nyuma. Uwiano huo ni ushahidi wa maji mengi yaliyovunjwa na mwanga wa Jua. Kwa Mirihi, chombo cha MAVEN, kilichofika huko Septemba 2014, kilipima isotopu (aina nyepesi na nzito) za argoni. Argoni haishikamani na mwamba wala haiungani na kitu, ikipungua ujue imekwenda angani. Jibu lilikuwa kwamba karibu theluthi mbili ya argoni imeshaondoka.

Kuhusu sumaku: inazuia upepo wa Jua usiguse hewa moja kwa moja, lakini juu ya ncha za Dunia mistari ya uga iko wazi na ioni za oksijeni hutiririka kutoka humo. Viwango vya ioni zinazopotea Dunia, Zuhura na Mirihi leo vinakaribiana. Ndiyo maana wataalamu bado wanabishana kama ngao hiyo inasaidia kweli.

Spektra_tz alijibu:

Nichukue la hesabu. Kanuni ya makadirio ni:

upotevu = ε × π × F × R³ / (G × M)

G ni kani mvutano thabiti, R na M ni nusu kipenyo na uzito wa sayari, na ε ni sehemu ya nishati inayotumika kweli kuinua gesi. F, nishati inayoifikia kila mita ya mraba, si mwanga wote. Ni eksirei pamoja na urujuanimno wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 91.2, kwa sababu hapo ndipo fotoni ina elektronivolti 13.6 za kuvunja hidrojeni juu kabisa. Mwanga wa kawaida hupenya hadi chini, ukapasha hewa nzito ambayo inaurudisha angani kama infraredi.

Kwa Jua la leo, F kwenye umbali wa Dunia ni miliwati 4 hivi kwa mita ya mraba. HD 209458 b iko 0.047 ya umbali huo, kwa hiyo weka wati 2. R ni mita 9.9 × 10⁷, M ni kilo 1.3 × 10²⁷, na ε weka 0.1. Utapata takribani kilo milioni 7 kwa sekunde. Inatisha, lakini kwa miaka bilioni 5 ni chini ya asilimia 0.1 ya sayari nzima. Mwaka 2003 darubini ya Hubble iliona hidrojeni ikiziba karibu asilimia 15 ya mwanga wa Lyman-alfa (mstari wa urujuanimno wa hidrojeni) wa nyota hiyo, wakati sayari yenyewe inaziba asilimia 1.5 tu. Makadirio ya wakati ule yalikuwa angalau kilo milioni 10 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu haiko mbali.

Makosa ya kawaida: kuchanganya ergi kwa sentimita ya mraba na wati kwa mita ya mraba (1,000 za kwanza ni 1 ya pili), na kutumia F ya leo kwa historia yote. Nyota changa kama Jua hutoa miale hii mara 100 hivi. Jaribu sayari ya Dunia 5 kwa uzito, nusu kipenyo mara 2.5 ya Dunia, kwenye 0.05 ya umbali wa Dunia na Jua: kwa F ya ujana, miaka milioni 100 inaondoa asilimia 1 ya uzito wake. Kwa sayari ya aina hiyo, asilimia 1 inaweza kuwa hidrojeni yote iliyo nayo.

Kaskazi_88:

Shukrani, mkuu. Na nyota kibete nyekundu? Zina mwanga hafifu, si ndiyo salama?

Mpima_Anga alijibu:

Kinyume chake. Ujanani hutoa eksirei kama 1/1,000 ya mwanga wao wote, Jua la leo ni 1/1,000,000 hivi, na hali hiyo hudumu muda mrefu zaidi kwao. Kwa kuwa nyota ni hafifu, sayari yenye joto la wastani lazima iwe karibu mno: Proxima b, sayari ya nyota kibete nyekundu Proxima, iko 0.05 tu ya umbali wa Dunia na Jua. Mwaka 2023 darubini ya Webb ilipima upande wa mchana wa TRAPPIST-1 b, sayari ya mwamba ya kibete nyekundu kingine, ikapata kelvini 500 hivi, joto linalotarajiwa kwa mwamba mtupu usio na hewa ya kulisambaza upande wa usiku.

Ukitaka kukadiria F ya nyota ya mbali, kumbuka hidrojeni iliyo kati ya nyota hufyonza sehemu kubwa ya urujuanimno huo kabla haujatufikia. Pima eksirei, kisha kokotoa iliyobaki kwa kulinganisha na nyota za aina ileile. Kwa kuona gesi ikitoka, mstari wa heliamu wa nanomita 1083 ni rahisi kuliko Lyman-alfa, maana unapita kwenye hewa yetu na darubini za ardhini zinauona.